Kadi Niliyoibadilisha Jina

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliwaacha mmekasirika. Najua, maana mama mmoja alinisimamisha dukani, mkate mkononi, akaniuliza, "Wewe si ndiye unayeandika gazetini? Ulimwambia yule binti au hukumwambia?"

Nikamjibu asubiri gazeti.

"Basi hukumwambia," akasema, akaenda zake.

Kwa ambaye hakunisoma, habari yenyewe ni fupi. Mimi ni fundi wa laptopu. Watu wananiita Dokta, na kwa miaka mingi nimeitikia jina hilo bila haya. Nina mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita. Amesomea kuchora majengo kwa kompyuta. Laptopu yake ni ya kizamani, nzito kama tofali, lakini ina heri moja: kadi yake ya picha, ile inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini, inachomoka. Laptopu nyingi za siku hizi kadi hiyo imegandishwa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha. Yake unaweza. Akaagiza kadi kubwa zaidi kutoka mbali, akaisubiri wiki saba, akaniletea ikiwa bado kwenye boksi.

"Mjomba," akaniambia, "sitaki mtu mwingine aiguse."

Nikaiua mimi.

Kadi ile inakaa chini ya bamba la kupoozea, na bamba linashikwa na skrubu nne. Kila fundi anajua zinavyokazwa: unakaza kidogo huku, unavuka pembe, unakaza kidogo kule, unazunguka hivyo mpaka zote zishike pamoja. Nimewafundisha watu jambo hilo, na nimewafokea walipokosea. Siku hiyo nilikuwa napiga soga na jirani yangu, mshona nguo, namweleza mimi ni fundi wa namna gani. Nikaikaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya kugusa ya pili. Nikasikia tik. Pembe ya chipu ilikuwa imemeguka, kipande kidogo kama ukucha wa mtoto.

Badala ya kusema nimeharibu, nikarudisha kadi yake ya zamani. Kisha nikawasha laptopu, nikaingia pale jina la kadi linapoonekana, nikafuta la zamani na kuandika la ile mpya. Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni yaliyofuata, na msinihurumie.

*

Mpwa wangu alikuja kuichukua laptopu saa tano asubuhi.

"Dokta! Mgonjwa kaamka?"

"Kaamka," nikasema.

Akaiwasha palepale kwenye meza yangu, katikati ya bisibisi na nyaya. Akaenda moja kwa moja penye jina. Akalisoma kwa sauti, herufi zote na namba zote, kama mtu aliyeliona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Akanikumbatia mpaka kofia ikanidondoka.

"Mjomba, inaruka! Ona inavyofungua!"

Ilikuwa inafungua vilevile kama jana. Nilichokifanya ni kuipangusa vumbi.

"Usiibane sana mwanzoni," nikamwambia. "Iache izoee."

Izoee! Kadi ya picha izoee nini, kwani imeolewa? Lakini mpwa wangu akakubali kwa adabu, kama nilivyomzoesha tangu utotoni kwamba mjomba akisema jambo la kompyuta, limekwisha. Mshona nguo akachungulia kutoka kwenye cherehani yake.

"Hongera, Dokta. Nilikuona ulivyoihangaikia."

Nilitamani nimfukie kwenye mabaki ya vitambaa vyake.

*

Siku ya tano akaja mbio, hata salamu hakutoa.

"Wameniita, mjomba!"

"Akina nani?"

"Wasanifu wa majengo. Wale wenye ofisi juu ya duka la vioo. Wameniita!"

Nikamvutia kiti. Mnielewe: huyu binti alikuwa amemaliza masomo miaka miwili nyuma. Alikuwa ametuma maombi mpaka tukaacha kumuuliza amejibiwa nini. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita.

Kampuni ilikuwa inatafuta mchoraji mmoja tu. Ilikuwa imewachagua watu wanne na kuwapa jaribio. Kila mmoja atengeneze picha inayotembea ya zahanati ambayo bado haijajengwa: mtazamaji aingie mlangoni, apite mapokezi, afike wodi ya wazazi, asimame kando ya kitanda aone mwanga unavyoingia dirishani. Siku nane. Kila mtu kwa kompyuta yake mwenyewe. Atakayefanya vizuri anaajiriwa.

"Na kwenye fomu wakauliza una kadi gani ya picha," akasema. "Nikaandika bila wasiwasi."

"Umeandika ipi?"

"Mjomba! Kwani umeniwekea ngapi?"

Akacheka. Mimi nilicheka pia, ila kwangu kilitoka kitu kama kikohozi.

"Si ungeazima kompyuta nyingine mahali?" nikasema. "Ya akiba tu."

"Akiba ya nini, na hii umeitengeneza wewe?"

Hapo ningeweza kusema. Mpaka leo naiona sehemu ile, kiti kile, na mdomo wangu uliokuwa mzima kabisa, hauumwi chochote. Nikamwuliza kama ameshakula.

Kesho yake nilifunga kibanda nikazunguka kwa wauza vipuri wote ninaowajua. Mmoja alinijibu kadi hiyo hajawahi kuiona hata kwenye picha. Mwingine akaniambia anaweza kuiagiza, nirudi baada ya miezi miwili. Nikarudi nyumbani miguu inawaka moto. Na niwaambie aibu yangu nyingine: nilijisikia nafuu. Nilijiona nimefanya kitu. Nilijidanganya kwamba kuhangaika ni sawa na kutubu.

*

Mpwa wangu akaifanyia kazi picha ile nyumbani kwetu, kwenye meza ya kulia. Feni ya laptopu ililia kutwa nzima.

"Hii ndiyo mpya?" mke wangu akauliza. "Mbona ile ya zamani ilikuwa na kelele hizihizi?"

"Nguvu zina kelele," nikasema.

Mke wangu akanitazama. Tumeoana miaka ishirini na mitatu, ananijua nikiwa navunga hata nikimpa kisogo.

Siku ya tatu ya kazi, mpwa wangu aliniita.

"Mjomba, njoo uone. Nikifika mapokezi picha inaganda. Inakatakata."

Nikaona. Ilikwenda hatua mbili ikasimama, hatua mbili ikasimama.

"Nimewauliza wenzangu," akasema. "Wenye kadi kama hii wanamaliza kazi ya namna hii kwa saa tatu. Mimi tangu asubuhi nimepata nusu dakika."

Nikaipapasa laptopu kwa chini, kama daktari anayepima homa.

"Labda kosa ni langu. Labda sijui kazi."

"Unajua kazi."

"Basi ni nini?"

Alinigeukia kabisa, mikono mapajani. Alikuwa na macho ya dada yangu, na siyo mimi peke yangu ninayesema hivyo, kila mtu wa kwetu anasema. Nilikuwa na jibu kamili kinywani, maneno matatu tu: niliivunja mimi, mwanangu.

"Joto," nikasema. "Siku hizi kuna joto."

Akaniamini. Akaenda kuchukua feni ya chumbani kwake akaielekeza kwenye laptopu, yeye mwenyewe akakaa jasho linamtiririka.

Kuanzia hapo akaanza kupunguza vitu ili picha iende. Akaondoa miti ya nje. Akaondoa watu waliokaa kwenye benchi la mapokezi, mmoja mmoja, hata bibi mwenye fimbo aliyemchora siku nzima. Mwisho akafika kwenye wodi ya wazazi. Dirishani alikuwa ameweka mapazia mepesi, mkunjo kwa mkunjo, na mwanga unapita ndani yake. Hayo ndiyo aliyokuwa akijivunia.

Akayafuta.

"Bila pazia panapendeza, mjomba?"

"Panapendeza," nikasema.

Hapakupendeza hata kidogo. Palikuwa kama stoo.

Nikaenda jikoni kujificha. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo.

"Una nini wewe?" akauliza bila kugeuka. "Tangu juzi humtazami mtoto usoni."

"Kazi zimenielemea."

"Kazi gani? Kibanda umekifunga siku mbili." Akafunga bomba. "Umemfanya nini mtoto?"

"Sijamfanya kitu."

"Sikia. Mimi sijui kompyuta. Ila wewe nakujua. Kama kuna jambo, mwambie wewe, asije akaambiwa na watu."

Roho ilinisuta. Nikaapa mbele ya sufuria zake kwamba akishakabidhi kazi nitamwambia kila kitu. Mnaona ujanja huo? Akishakabidhi. Nilikuwa naungama kwa miadi, kama anayekwenda kwa daktari wa meno.

*

Alikabidhi siku ya nane. Asubuhi ya siku ya kumi tulikuwa mezani, sisi watatu. Nikapiga moyo konde.

"Mwanangu, nina neno nataka kukwambia."

Akaweka kikombe chini. Mke wangu naye akaweka chake. Nikavuta pumzi.

Simu ya mpwa wangu ikaita.

"Ndiyo, ni mimi… Ndiyo… Leo? Saa nane? Nije nayo?… Na fundi pia? Sawa. Asante sana. Asante!"

Akaruka mpaka kiti kikaanguka.

"Wanasema niende na laptopu! Na nije na fundi aliyeitengeneza! Mjomba, wanakutaka na wewe!"

"Mimi wa nini?"

"Niliandika jina lako kwenye fomu. Nimesikia wanatafuta fundi wa kuhudumia kompyuta zao zote. Nikakupigia debe kidogo." Akacheka, akaniinamia begani. "Haya, ulitaka kuniambia nini?"

Mke wangu alinikazia macho. Alikuwa akinisukuma kwa macho kabisa.

"Nilitaka kukutakia heri," nikasema.

Mke wangu akainuka akaenda kunipigia pasi shati. Alipiga kwa nguvu kiasi kwamba niliisikia pasi kutoka sebuleni.

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Meza ndefu, vijengo vidogo vya karatasi ngumu juu ya makabati, dirisha kubwa linalotazama getini. Upande wa pili wa meza walikaa watu wawili: mkurugenzi, mama mmoja mtulivu mwenye nywele za mvi, na fundi wa ofisi, bwana wa miwani wa rika langu.

Mkurugenzi akamgeukia mpwa wangu.

"Nimekaa kwenye kazi hii miaka thelathini," akasema. "Sijaona mtu akipitisha mwanga dirishani kama ulivyoupitisha wewe. Nilisimama hapo kando ya kitanda kwenye picha yako, nikasahau kwamba ni picha."

Mpwa wangu akashika mkono wangu chini ya meza.

"Lakini inakatakata. Na dirisha halina pazia, na nje hakuna mti hata mmoja. Nikashangaa. Mtu mwenye kadi uliyoiandika kwenye fomu hana sababu ya kubana namna hii. Kwa hiyo nimeomba mwenzangu aitazame kompyuta. Unaruhusu?"

"Karibuni," akasema mpwa wangu, akaisukuma mbele kwa fahari.

Bwana wa miwani akachomeka flashi yake, akafungua programu yake ya kupimia. Mimi naijua programu ile. Haisomi jina unaloliandika, inaiuliza kadi yenyewe. Shati lililopigwa pasi likaanza kunigandama mgongoni.

Haikuchukua hata dakika mbili.

"Jina linasema giga nane," akasema. "Memori yenyewe ni giga mbili. Jina la mtu mzima, tumbo la mtoto mchanga." Akageuza skrini watu wote waone. "Hii ni kadi ya zamani iliyokuja na laptopu. Kuna mtu amebadilisha jina."

"Haiwezekani," akasema mpwa wangu. "Kadi ni mpya. Niliagiza mwenyewe."

"Soma hapo, binti."

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akaanza kunigeukia huku akitabasamu bado, kwa sababu mimi ndiye Dokta, mimi ndiye ningemwambia huyu bwana amekosea.

Nikainamisha macho.

Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu. Niliusikia ukilegea, kidole kimoja kimoja. Akauondoa.

"Nisikilizeni vizuri," akasema mkurugenzi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kadi ndogo siyo kosa. Ungeandika ndogo, leo ningekupa kompyuta ya ofisi na kazi juu yake. Lakini mimi najenga majengo wanamolala watu. Anayenidanganya jina la kadi atanidanganya unene wa nondo, na hapo watu watafukiwa. Nataka kujua jambo moja tu. Nani alibadilisha hili jina?"

Feni ya laptopu ikalia.

Nilikuwa nafungua mdomo. Nawaapia, safari hii nilikuwa naufungua.

"Ni mimi," akasema mpwa wangu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kazi."

Sauti ilikuwa kavu. Hakunitazama. Huyu binti hajui hata bisibisi inashikwa upande gani, tangu akiwa mdogo nilimkataza kugusa meza yangu. Na sasa alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, amejitwika uchafu wangu mbele ya mtu aliyemsifu dakika tano kabla.

Mkurugenzi akanigeukia mimi.

"Fundi, ni kweli? Ni yeye?"

Wasomaji wangu, nimewaeleza mengi kwenye kurasa hizi. Niliwaeleza nilivyopoteza kibanda cha kwanza, niliwaeleza ugomvi na kaka yangu, nikaona nimejivua nguo zote. Bado. Hili ndilo nililokuwa nalificha tangu sehemu ya kwanza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Mara moja tu. Shingo yangu ilifanya hivyo, na mimi nilikuwa ndani yake.

"Basi nasikitika sana, binti," akasema mkurugenzi. "Unaweza kwenda."

Mpwa wangu akasimama. Akashukuru, kwa sababu mke wangu alimlea vizuri. Nikainuka haraka nimfungie laptopu kwenye begi, nikaanza kumpa.

Hakupokea.

"Ibebe wewe, mjomba," akasema taratibu. "Wewe ndiye unayeijua."

Akatoka. Alifunga mlango bila kuubamiza, na ningependa angeubamiza.

Nikabaki nimesimama na begi. Nilipotaka kumfuata, mkurugenzi akaninyooshea kiti.

"Wewe kaa, fundi. Mambo ya mtoto hayakuhusu. Mpwa wako alikusifu mno kwenye fomu yake, na bado tunahitaji mtu wa kuhudumia kompyuta zetu. Ziko kumi na mbili." Akanisogezea karatasi na kalamu. "Soma, ukiridhika usaini."

Nikakaa. Naam, nilikaa. Begi likawa mapajani, na laptopu ndani yake ilikuwa bado ina joto.

Bwana wa miwani alikuwa ananitazama mikono, hasa vidole vya kulia, pale bisibisi inapoota sugu.

"Kabla hajasaini, mama," akasema, "niruhusu nimuulize swali moja. La fundi kwa fundi."

"Muulize."

Akavua miwani yake, akaiweka juu ya ile karatasi, palepale penye mstari wa sahihi.

"Huyo binti jina amelibadilishia wapi? Nielekeze tu hatua alizopitia."

Nikageuza uso dirishani. Chini, mpwa wangu alikuwa amesimama kando ya geti, juani. Hakuwa ameondoka. Alikuwa ananisubiri twende nyumbani.